Mwalimu Nyerere Alipokuwa Mwanafunzi Ugenini



Kila mwaka, ifikapo Agosti na Septemba, kasisi huwaita mbele ya madhabahu vijana wetu wanaokwenda kusoma nchi za nje, nasi sote huwaombea. Wako waendao India, wako waendao China na Uturuki, na wachache huenda Uingereza au Marekani. Mama zao huketi viti vya mbele na leso mkononi. Ibada ikiisha, baadhi ya wazazi hutufuata sisi tuliokuwa walimu, wakatuuliza mambo ambayo hayafundishwi darasani. Je, mtoto atarudi? Akirudi, atakuwa bado mtoto wetu? Na lile shamba la kahawa tuliloliuza, litakuwa limekwenda bure?

Maswali hayo hatuna uwezo wa kuyajibu. Walakini ziko habari za kijana mmoja aliyepita njia hiyo hiyo miaka mingi iliyopita, nazo tumeona vema kuzisimulia. Wote twamjua kwa jina la Baba wa Taifa, tena picha yake tumeitazama ukutani tangu utoto wetu. Lakini wengi wetu hatumjui alivyokuwa akivaa koti zito la baridi, akitembea peke yake katika mji wa mawe meusi, na barua za nyumbani zikichukua majuma mengi kufika. Yeye alikuwa Mkatoliki, nasi tu Waanglikana, wala hilo halituzuii kujifunza kwake. Rafiki yake mmojawapo alikuwa askofu wetu Trevor Huddleston, aliyeiongoza Dayosisi ya Masasi kati ya 1960 na 1968.

Kambarage alizaliwa Butiama mwaka 1922. Baba yake alikuwa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, na mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano wa Mtemi. Mtu asidhani kwamba mtoto wa Mtemi aliishi kama mwana wa mfalme wa vitabuni. Alichunga mbuzi, akalala nyumba ya nyasi, na shule hakuiona mpaka alipotimiza miaka 12, mwaka 1934, alipopelekwa bwenini Mwisenge, Musoma. Kutoka huko akaenda Tabora mwaka 1937, halafu Makerere mwaka 1943. Mwaka huo huo alibatizwa, akaitwa Julius. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1942. Makerere alisomea ualimu, akahitimu mwaka 1945, na tangu mwaka 1946 akafundisha Tabora katika shule ya misheni ya Mtakatifu Maria. Sisi tuliopita vyuo vya ualimu hupenda kulikumbuka jambo hilo: kabla hajawa mwanafunzi wa ng'ambo alikuwa amekwisha kushika chaki miaka mitatu, na jina la Mwalimu hakupewa kwa heshima tu.

Mkuu wa shule ile alikuwa Padri Richard Walsh, wa shirika la mapadri weupe. Ndiye aliyemwona kijana huyu kuwa anafaa kusoma zaidi, akamsaidia kutafuta nafasi Uingereza. Msaada wa masomo ulitoka katika fedha za Serikali ya kikoloni. Nyerere hakuwa kijana asiye na mzigo. Mama yake alikuwa mjane, wadogo zake walimtazamia, na alikuwa amemchumbia binti mwalimu aitwaye Maria Waningu. Kwenda masomoni miaka zaidi ya mitatu kulikuwa kuwaacha hao wote wakingoja. Siku hizi kijana akiwa Beijing huonana na mama yake kwa simu kila jioni. Wakati ule, aliyeondoka ameondoka.

Aliondoka Dar es Salaam kwa ndege Aprili 1949, akashukia Southampton, akapanda treni mpaka Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti. Alikuwa na umri wa miaka 27. Wenziwe wengi darasani walikuwa wametoka shule juzi tu.

Yafaa tueleze kidogo mji wenyewe. Edinburgh ni mji wa kale, umejengwa kwa mawe, na siku zile nyumba zote zilipashwa moto kwa makaa, hata moshi ukazipaka kuta rangi nyeusi. Katikati ya mji kuna kilima wanachokiita Arthur's Seat, nao hujivunia sana. Kina mita 251. Sisi tunaofungua dirisha asubuhi tukaona Meru yenye mita zaidi ya 4,500 tutawasamehe. Lakini baridi yao si mchezo. Watu wa Arusha tunajidai tunajua baridi kwa sababu ya ukungu wetu wa Juni na Julai. Kule mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, na asubuhi mtu huenda darasani gizani. Halafu Juni mambo hupinduka, jua likakaa mpaka saa nne usiku, na mgeni hajui alale saa ngapi. Tena vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha miaka minne tu. Nyama, sukari na siagi bado viligawiwa kwa kipimo, na mgao huo haukuisha kabisa mpaka mwaka 1954. Kwa hiyo huyu kijana alifika Ulaya akakuta Wazungu wakipanga foleni wakingoja kipande cha nyama. Twafikiri lilikuwa somo zuri la kwanza kwa mtu aliyekulia katika koloni, ambako Mzungu alionekana kama mtu asiyepungukiwa kitu.

Alikaa katika nyumba ya kupangisha iliyotengwa kwa watu wa makoloni, katika mtaa wa Grange, kusini ya mji. Mwaka ule wanafunzi weusi kutoka nchi za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Waingereza, waliokuwa wakisoma Uskoti yote, walikuwa wawili tu, naye mmoja wao. Marafiki aliwapata kwa Wanaijeria na watu wa visiwa vya West Indies, ambao walikuwa wengi zaidi, na pia kwa Waskoti wenyewe. Haikusikika kwamba alilalamika kubaguliwa. Darasani aliketi sawa na wengine, akauliza maswali sawa na wengine, akahudhuria hata tafrija za darasa. Nyumbani Tanganyika, wakati huo huo, shule zilikuwa za Wazungu peke yao, za Wahindi peke yao, na za Waafrika peke yao. Mtu akiisha kuketi kiti kimoja na mwana wa Mzungu akamwona naye anavyotokwa jasho juu ya karatasi ya mtihani, si rahisi kumrudisha kwenye benchi la nyuma.

Masomo hayakuanza kwa ushindi. Kwanza alipewa masomo mafupi ya kemia na fizikia, na ikambidi afanye mtihani wa Kiingereza wa kuingilia vyuo vikuu vya Uskoti, ingawa alikuwa amehitimu Makerere na kufundisha. Oktoba 1949 ndipo alipokubaliwa kusoma digrii katika kitivo cha sanaa. Digrii hiyo huitwa M.A., na watu wengi hapa kwetu hudhani alisoma digrii ya pili. Sivyo. Uskoti wana desturi yao ya zamani: digrii ya kwanza katika masomo ya sanaa huitwa kwa jina hilo. Tunalieleza kwa sababu tumesikia mabishano juu yake hata katika mikutano ya walimu.

Mwaka wa kwanza alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa, na elimu ya mila na desturi za mataifa. Mwaka wa pili alichukua historia ya uchumi na historia ya Uingereza. Mwaka wa tatu akasoma sheria za katiba na falsafa ya maadili. Hebu tutafakari hilo somo la mila. Mtoto wa Mtemi wa Wazanaki ameketi darasani Ulaya, akisikiliza jinsi wataalamu wanavyowaeleza watu walio kama baba yake na mama yake, ndoa zao, ukoo wao, namna wanavyogawana chakula. Mwingine angeona haya. Mwingine angekasirika akafunga daftari. Yeye alipoandika baadaye juu ya ujamaa, alianzia hapo hapo, kwenye nyumba ya Mwafrika, ambamo mgeni hupewa chakula na hata yeye hupewa jembe. Kwa mwalimu wa historia ya Uingereza, Richard Pares, alikiri siku za baadaye kwamba alimsaidia sana kuelewa Waingereza ni watu wa namna gani. Hapana shaka elimu hiyo ilimfaa alipokuja kuketi nao mezani.

Maksi zake hazikuwa za ajabu. Alifaulu masomo yote, lakini hakuwa wa kwanza, wala hakutunukiwa medali. Tunawaomba wazazi wasome sentensi hiyo mara mbili. Katika kazi yetu tumeona watoto waliovunjwa moyo na baba zao kwa sababu ya kuwa wa nne darasani. Nyerere mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliyachagua masomo ya sanaa akiwa na nia, kwa kuwa yalimwachia wakati wa kusoma vitabu vingine na wa kufikiri, na kwamba mawazo yake yote ya siasa yalipata umbo huko Edinburgh. Msaada wa masomo aliotoa mkoloni ndio uliomlipia muda wa kufikiri jinsi ya kumwondoa mkoloni. Mungu ana njia zake.

Katika siku hizo aliandika makala ndefu juu ya tatizo la rangi katika Afrika Mashariki. Ilikuja kuchapishwa mwaka 1966, katika kitabu cha hotuba na maandishi yake. Alieleza humo kwamba haiwezekani watu wachache wa rangi moja wawatawale walio wengi. Lakini pia hakutaka Mwafrika naye amlipe Mzungu na Mhindi kwa kipimo kile kile. Wote waliokubali kuishi kama raia walio sawa walikuwa na mahali. Kumbukeni aliyaandika hayo akiwa mwanafunzi, si Rais aliyezungukwa na washauri. Wakati huo pia Waingereza walikuwa wakitaka kuziunganisha Rhodesia mbili na Nyasaland chini ya walowezi. Wakristo wengi wa Uskoti walilipinga jambo hilo, maana wamisionari wao walikuwa Nyasaland tangu siku za baada ya Livingstone. Mwaka 1952 Nyerere alikuwa miongoni mwa waliokusanyika Edinburgh kupinga.

Sasa turudi huku kwetu. Novemba na Desemba 1951, Nyerere akiwa katika mwaka wake wa mwisho, Serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Ngarenanyuki, ili mashamba yawe ya walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Watu walitakiwa wahamie King'ori. Wako wazee wa upande wa Leguruki ambao wamewasimulia wajukuu wao moshi ule. Wameru hawakushika silaha, na fidia waliikataa. Walichanga fedha kwa njia ya chama chao cha raia, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton aliyetoka kisiwa cha Bermuda na kufanya kazi Moshi, waende New York wakashitaki mbele ya Umoja wa Mataifa.

Ndipo twaona jambo ambalo halisemwi sana. Katikati ya mwaka 1952 Watanganyika wawili walikuwa ng'ambo, wasiotumwa pamoja. Mmoja amelipiwa na fedha za Serikali kubwa, anamaliza digrii. Mwingine amelipiwa na senti za wakulima wa mlimani, amebeba mashitaka yao. Kirilo hakupewa ushindi alioutaka: azimio la kuwarudishia Wameru ardhi yao halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu mwezi Desemba. Lakini kwa mara ya kwanza sauti ya Mwafrika wa Tanganyika ilikuwa imesikika mle ndani, na aliporudi alisafiri sehemu nyingi za nchi akieleza yaliyotokea. Mwaka 1955, TANU ilipomtuma Nyerere kwenye Baraza la Udhamini huko New York, nauli ikiwa imetoka katika michango ya watu, mlango ule ulikuwa umekwisha kusukumwa na Wameru. Sisi wa Arusha tunayo haki ya kulisema hili bila kujigamba kupita kiasi.

Nyerere alihitimu Julai 1952. Alikaa Uingereza kidogo kutazama shule na vyuo, kisha akapanda meli iitwayo Kenya Castle, akafika Dar es Salaam Oktoba. Hakukaa mjini. Alipanda treni mpaka Mwanza, akavuka ziwa mpaka Musoma, akaenda kwao, akaanza kujenga nyumba kwa ajili ya mchumba wake. Alikanyaga udongo na kufyatua matofali kwa mikono yake mwenyewe, na watu walishangaa kumwona mwenye digrii ya Ulaya akiwa na matope mpaka magotini. Walifunga ndoa Januari 1953. Maria alikuwa amengoja zaidi ya miaka mitatu.

Tunaweka kalamu hapo kidogo, maana hapo ndipo swali la wazazi wetu lilipo. Kurudi kwake hakukuwa na faida ya fedha. Alikuwa miongoni mwa Watanganyika wa kwanza kabisa kuwa na digrii ya Uingereza, lakini alikwenda kuwa mwalimu Pugu. Aprili 1953 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha T.A.A., na Julai 7, 1954, kikageuka kuwa TANU. Machi 1955, aliporudi kutoka New York, ikambidi achague kati ya darasa na siasa, akaacha kazi na mshahara. Mama Maria akaendesha duka dogo ili watoto wale. Kama yupo mzazi aliyetumaini kwamba digrii ya mwanawe itamletea nyumba ya ghorofa upesi, Mama Mugaya angekuwa na maneno ya kumwambia.

Yaliyofuata hadi Uhuru wa 1961 yanajulikana, nasi hatutayarudia. Lakini lipo tukio la mwaka 1966 ambalo linatuhusu sana. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wanachuo waliosomeshwa kwa fedha za umma watumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa mshahara uliopunguzwa. Oktoba 22 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa vyuo vingine waliandamana kupinga, wakasema na viongozi nao mishahara yao ni minono. Mwalimu alikasirika sana. Aliwafukuza zaidi ya 300, wakarudishwa makwao, lakini kwa habari ya mishahara alikubali kwamba walisema kweli, akaupunguza wa kwake kwa asilimia 20 papo hapo. Wengi wa wanafunzi wale waliruhusiwa kurudi baadaye.

Watu wamebishana kama aliwatendea kwa haki. Kwa maoni yetu adhabu ilikuwa kali, na vijana wale hawakuwa waovu. Lakini tukikumbuka miaka yake ya Edinburgh, twaelewa maumivu yake. Mara nyingi alimfananisha msomi na kijana ambaye kijiji chenye njaa kimempa chakula chote kilichosalia, ili apate nguvu za kwenda mbali na kuwaletea wengine chakula. Asiporudi, au akirudi akala peke yake, amekiibia kijiji. Yeye mwenyewe alikuwa amekula chakula hicho.

Miezi mitatu baadaye, kati ya Januari 26 na 29, 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa hapa Arusha, na Februari 5 Azimio likatangazwa. Kiongozi hakutakiwa kuwa na mishahara miwili wala nyumba ya kupangisha. Machi ya mwaka ule ikafuata Elimu ya Kujitegemea, kijitabu ambacho sisi katika chuo cha ualimu tulikisoma mpaka kurasa zikaachana. Tulilima mahindi kwa ajili yake, na tukasema kweli, mara nyingine tulilima zaidi kuliko tulivyosoma. Si kila alilokusudia lilifaulu. Kuhamishwa watu vijijini kuliwaumiza wengi, na masharti yale ya uongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Lakini alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi Butiama kulima, na hakuna aliyemsikia akishitakiwa kwa mali ya wizi.

Vitabu alivyovionja Uskoti hakuvisahau. Akiwa Rais, usiku baada ya kazi, alifasiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare. Ya kwanza, ya Julius Caesar, ilitoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Chuo chake cha zamani nacho hakikumsahau. Oktoba 1997 alirudi Edinburgh, mzee wa miaka 75, akatoa mhadhara juu ya Afrika mbele ya wanafunzi ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa alipokuwa akitembea katika njia zile zile.

Miaka yake ya mwisho tulimwona sana hapa mjini. Tangu mwaka 1996 alikuwa msuluhishi wa Warundi, na mazungumzo yalifanyika Arusha, akaketi nao siku baada ya siku, akisikiliza watu waliokuwa hawataki kutazamana. Kazi hiyo hakuimaliza. Septemba 1999 alipelekwa London kwa matibabu, na Oktoba 14 akafariki katika hospitali ya Mtakatifu Thomas. Mwili wake uliletwa Dar es Salaam, watu wakapanga mistari usiku na mchana kumwaga, kisha ukapelekwa kwao. Alizikwa Butiama Oktoba 23, karibu na makaburi ya baba yake na mama yake.